Kupima usugu wa mbu Muheza: kutoka dimbwini hadi kwenye asilimia

Chandarua kikigawiwa leo na mbu wakaendelea kuuma kesho, watu wa Muheza, mkoani Tanga, husema dawa "imechuja". Inawezekana. Inawezekana pia dawa iko palepale, ila mbu wa hapo hawaisikii tena. Haya ni matatizo mawili, na tiba zake ni mbili. Mwongozo huu unahusu hilo la pili: namna ya kuwapima mbu wenyewe kwa mirija ya Shirika la Afya Duniani (WHO), kuanzia kuchota viluwiluwi hadi kupata asilimia unayoweza kuitetea.

Neno moja kwanza. Tunasema mbu "wamezoea dawa" kana kwamba mbu mmoja hujifunza. Hajifunzi. Wenye udhaifu hufa, wachache waliozaliwa na kinga huzaa, na baada ya vizazi kadhaa kijiji kizima kina wajukuu wa wale wachache. Mbu ana kizazi kipya takriban kila wiki mbili au tatu, kwa hiyo haya hayahitaji karne.

Jambo jingine la kuweka kichwani tangu mwanzo ni kwamba kila kosa kwenye kipimo hiki lina upande wake. Joto, njaa na mkono mzito huua mbu na kuonyesha dawa inafanya kazi kumbe haifanyi. Karatasi iliyochoka, au mbu aliyeshiba damu, huonyesha usugu usiokuwepo. Ukijua kosa lako linaelemea wapi utajua pia matokeo yako yanakudanganya kuelekea wapi.

Vifaa

Mirija ni ya plastiki, urefu milimita 125, kipenyo milimita 44. Yenye alama ya kijani ni ya kupumzishia mbu, yenye nyekundu ni ya dawa. Katikati hukaa kipande chenye mlango wa kusukuma, ambao mbu hupitishwa kutoka mrija mmoja kwenda mwingine. Karatasi, zenye ukubwa wa sentimita 12 kwa 15, huja zimeshapakwa dawa. Kwa miaka mingi WHO imekuwa ikizipata kutoka Universiti Sains Malaysia, Penang. Usijaribu kuzipaka mwenyewe nyumbani.

Dozi za kawaida za Anopheles, yaani mbu wa malaria, ni hizi: permethrini asilimia 0.75, deltamethrini asilimia 0.05, bendiokabu asilimia 0.1, pirimifosi-methili asilimia 0.25. Mbili za kwanza ni za kundi la pairethroidi, ndilo lililomo kwenye vyandarua. Kila kundi lina karatasi zake za linganishi, yaani za kulinganishia, zilizopakwa mafuta matupu bila dawa. Za pairethroidi ni mafuta ya silikoni. Usichanganye, maana linganishi ya mafuta mengine si linganishi.

Ongeza kipimajoto na kipimaunyevu, mrija wa kunyonyea mbu wenye chujio (hutaki bawa la mbu kooni), pamba, sukari, glavu, kata ya kuchotea, chupa za mfuniko, mabeseni meupe, vizimba vya wavu vya sentimita 30 kila upande, na penseli. Kalamu ya wino iache ofisini.

Hodi kwanza, kata baadaye

Pita kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji, ueleze unachotaka kufanya. Swali litakalokuja ni lilelile kila mahali: "Wenzenu wanaua mbu, ninyi mnawafuga?" Jibu kwa utulivu kwamba hakuna mbu atakayeachiwa, na kwamba unataka kujua kama dawa inayoletwa kijijini inaua. Watu wakielewa hilo, watoto watakuonyesha madimbwi ambayo usingeyaona wiki nzima.

Ukiwa hapo, muulize mkulima anapulizia nini shambani, na mwombe uione chupa. Muheza ni nchi ya machungwa, na kwenye bustani za nyanya na mboga pampu haikai chini. Dawa nyingi za shambani ni pairethroidi vilevile: soma lebo utakuta saipamethrini au lamda-saihalothrini. Maji ya mvua huyasomba mabaki yake hadi dimbwini, na kiluwiluwi hukutana na dawa kabla hajaota bawa. Andika jina la kiambata, si jina la biashara.

Kuchota

Anopheles gambiae na ndugu zake hupenda maji madogo yenye jua: nyayo za ng'ombe, alama za matairi ya lori kwenye barabara za mkonge, mashimo ya matofali, kingo za majaruba ya mpunga. Baada ya masika kushika, Aprili na Mei, hutahangaika. Ukishuka pwani kwenye maji ya chumvichumvi karibu na mikoko, huenda unachota Anopheles merus, ambaye kwa macho ni pacha wa gambiae. Andika mahali ulipochota, usimchanganye na wa bara.

Njoo na jua likiwa mbele yako ili kivuli chako kisitangulie kwenye maji. Viluwiluwi wakikiona huzama, na hapo utasubiri dakika mbili tatu warudi juu. Inamisha kata taratibu ukingoni, acha maji yajiingize yenyewe. Angalia walivyokaa: wa Anopheles hulala bapa juu ya maji kama kijiti kinachoelea, wa Culex huning'inia kichwa chini, mkia juu. Hao wa Culex, ambao mjini Tanga hujaa mitaroni na kwenye vyoo vya shimo na ndio hueneza matende na mabusha, warudishe. Wana kipimo chao na dozi zao.

Sasa hesabu. Kila dawa inahitaji majike 100 kwenye mirija minne na majike 50 kwenye mirija miwili ya linganishi. Jumla 150. Nusu ya utakaowalea watakuwa madume, na wengine watakufa njiani. Mimi huchota 500 kwa kila dawa, na bado kuna siku wamepungua.

Usiwachukue wote 500 kutoka dimbwi moja hata kama wanachemka humo. Jike mmoja hutaga mayai zaidi ya mia kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo dimbwi lenye viluwiluwi wengi laweza kuwa la mama wawili watatu tu. Ukiwapima hao umepima familia, hukupima kijiji. Zungukia madimbwi kumi au zaidi, yaliyoachana, na chukua kidogo kidogo kila mahali.

Chupa ijae nusu tu, mfuniko ulegezwe, kitambaa kibichi kiizungushe. Ukiwa kwenye bodaboda, beba begi kifuani, usilifunge nyuma kwenye keria. Nimewahi kufika na chupa sita za uji wa viluwiluwi.

Kulea

Hapa ndipo kazi inapoharibika bila mtu kujua, kwa sababu mbu aliyelelewa vibaya hutoka mdogo na dhaifu, na dhaifu hufa kwa dawa yoyote. Utaandika "dawa inaua" na utakuwa umepima njaa yako mwenyewe.

Weka viluwiluwi wasiozidi 200 kwa beseni pana lenye maji ya kina kifupi. Anza na maji ya dimbwini yaliyochujwa kwa kitambaa, kisha ongeza ya mvua au ya kisima. Ya bomba yenye klorini yaache wazi siku nzima kabla ya kuyatumia. Toa wadudu wengine wote, hasa watoto wa kereng'ende. Mmoja tu hubakiza beseni tupu kufikia asubuhi. Chakula ni cha samaki wa mapambo kilichosagwa kuwa unga laini, nyunyiza kiasi cha kubana kwa vidole viwili asubuhi na kingine jioni. Ukiona utando juu ya maji umezidisha: uondoe kwa karatasi na upunguze.

Chumba kiwe kwenye nyuzijoto 25 hadi 29 na unyevu wa asilimia 65 hadi 85. Unyevu pwani si tatizo. Joto la mchana wakati wa kaskazi ndilo tatizo, kwa hiyo chagua chumba chenye ukuta mnene upande wa jua, ning'iniza mashuka mabichi, na usiweke mabeseni chini ya bati lisilo na dari. Miguu ya meza isimame ndani ya makopo ya maji yenye sabuni, vinginevyo sisimizi watakuhesabia mbu kabla hujawahesabu.

Kila asubuhi chota mabundo, yaani pupa, wale wenye umbo la mkato wanaojikunja kama koma, uwaweke kwenye kikombe ndani ya kizimba. Kizimba kiandikwe tarehe. Siku moja au mbili baadaye wanatoka mbu. Wape pamba iliyoloweshwa maji ya sukari, gramu 10 kwa mililita 100. Damu wasipewe. Subiri wafike siku tatu hadi tano tangu watoke. Mbu mzee hufa kwa dawa kirahisi kuliko kijana, na aliyeshiba damu huhimili zaidi. Ukichanganya umri na shibe utakuwa unalinganisha maembe na mafenesi.

Anopheles funestus ni habari nyingine. Mazalia yake ni maji ya kudumu yenye majani, na viluwiluwi wake ni wa kutafuta kwa tochi. Kwake ni afadhali uwanase majike ndani ya nyumba asubuhi mapema, ukutani na chini ya paa, kwa mrija wa kunyonyea. Waache watage, kisha uwalee na kuwapima watoto wao.

Chumba cha kupimia

Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilipanga chumba kwenye nyumba ya wageni moja mkoani Tanga, nikageuza meza kuwa maabara. Mirija ilikuwa imepita saa yake ya dawa, mbu wanapumzika, nikatoka kwenda kula wali. Kurudi namkuta mama mhudumu anafunga mlango wangu, kopo mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Humo ndani mwako mna mbu si mchezo! Nimekupulizia, ulale salama."

Nikamwambia ahsante. Ndani, mbu 50 wa linganishi, ambao hawakugusa dawa hata chembe, walikuwa chali wote, miguu imekunjwa. Wa mirija mingine wamekufa pia, na hakuna awezaye kujua nani kauawa na karatasi na nani kauawa na wema wa mama yule. Siku kumi na mbili za kulea ziliishia hapo. Siku hizi hubandika karatasi mlangoni: USIPULIZE, USIWASHE DAWA YA MBU YA KOILI, MUULIZE MWENYE CHUMBA. Na funguo natembea nazo.

Saa moja ya dawa

Vaa karatasi safi nyeupe ndani ya mirija ya kijani. Nyonya mbu wachache wachache, wasizidi kumi kwa mkupuo, wapulize taratibu ndani hadi wafike 25 kila mrija. Waache saa nzima. Baada ya hapo toa aliyekufa, aliyevunjika mguu na yeyote mwenye tumbo jekundu.

Mirija ya linganishi itangulie, ya dawa ifuate, ili mikono yako isipeleke dawa kwa wasiostahili. Sukuma mlango, pulizia kwa upole mbu wahamie mrija mwekundu, funga, andika saa. Achanisha mirija kwa dakika mbili ili upate nafasi ya kuhesabu kila mmoja kwa wakati wake. Simamisha mirija wima, upande wa wavu juu, pasipo mwanga mkali.

Hesabu walioanguka kwenye dakika ya 10, 15, 20, 30, 40, 50 na 60. Kuangalia huku kunafundisha kuliko kitabu. Mbu asiye sugu huanza kwa kusugua miguu ya nyuma, kisha hupoteza mshiko kwenye karatasi, anazunguka kama pia, anaanguka chali. Mbu sugu hutua juu ya karatasi ya deltamethrini na kutulia kama amekaa barazani.

Dakika ya 60 wahamishe warudi kwenye mirija ya kijani. Walioanguka uwagongegonge kwa kidole mrija ukiwa umelala. Weka pamba ya sukari juu ya wavu, na urudi kesho saa ileile.

Kuanguka si kufa. Katika pairethroidi ni kawaida mbu kuanguka saa ya kwanza na kuamka usiku. Ndiyo maana hukumu hutolewa baada ya saa 24. Anayehesabiwa amekufa ni yule asiyeweza kusimama wala kuruka kwa mpangilio, hata kama mguu bado unatikisika. Aliyebakiwa na miguu mitatu lakini anaruka vizuri, huyo hai. Wahesabu wawe wawili, kila mmoja na karatasi yake, walinganishe mwishoni.

Hesabu

Tazama linganishi kwanza, kabla hujaangalia upande wa dawa, ili moyo usikusukume. Vifo vya linganishi vikiwa chini ya asilimia 5, acha namba zako zilivyo. Vikiwa kati ya 5 na 20, zirekebishe kwa kanuni ya Abbott. Vikifika 20 au kupita, tupa zoezi zima. Najua inauma.

Abbott ni hivi: toa vifo vya linganishi kwenye vifo vya dawa, gawa kwa mia kasoro vifo vya linganishi, zidisha kwa mia. Tuseme wamekufa 78 kati ya 100 upande wa dawa, na 4 kati ya 50 upande wa linganishi, yaani asilimia 8. Sabini na nane kutoa 8 ni 70. Mia kutoa 8 ni 92. 70 kwa 92 ni asilimia 76.1.

Vifo vya 98 hadi 100 maana yake mbu hao wanauawa na dawa hiyo. Kati ya 90 na 97 ni shaka: rudia na mbu wengine kabla ya kusema lolote. Chini ya 90, usugu umethibitika. Kwenye ripoti andika idadi ya mbu, joto, unyevu na vifo vya linganishi pamoja na asilimia. Sentensi tupu ya "usugu upo" haimsaidii mtu.

Ukiupata usugu

Asilimia 76 haisemi usugu ni mkali kiasi gani. Rudia kwa karatasi zenye dozi mara 5. Wakifa 98 au zaidi, usugu ni wa kiwango cha chini. Wasipokufa hivyo, panda hadi mara 10: wakifa 98 au zaidi ni wa kati, wasipokufa ni wa juu. Mbu anayetoka mzima kwenye dozi mara kumi ni wa kumpigia simu bosi siku hiyohiyo.

Kisha uliza wanaponaje. Baadhi ya mbu wana vimeng'enya vingi vinavyovunja dawa kabla haijafika kwenye neva. Kuna kiambata kiitwacho PBO ambacho hufunga baadhi ya vimeng'enya hivyo. Wape karatasi ya PBO ya asilimia 4 kwa saa moja, halafu saa moja ya pairethroidi, na uwe na kundi jingine lililopata PBO peke yake. Vifo vikipanda sana, vimeng'enya ndivyo vilivyowalinda, na chandarua chenye PBO kina cha kufanya hapo. Visipopanda, fikiria mabadiliko kwenye neva yenyewe, yale yanayoitwa kdr.

Vyandarua vyenye klorofenapiri usivipimie kwa mirija na saa 24. Dawa hiyo huua taratibu. Hupimwa kwa chupa zilizopakwa dawa ndani na mbu hufuatiliwa hadi saa 72.

Kuhifadhi

Walio hai na waliokufa wawekwe mbalimbali, mbu mmoja kwa kichupa, juu ya silika jeli iliyofunikwa pamba. Lebo iandikwe kwa penseli na kuingizwa ndani ya kichupa, maana wino hufutika. Mbu hawa wanahitaji PCR, yaani kipimo cha vinasaba cha maabara, kwa sababu gambiae, arabiensis na merus hawatenganishwi kwa macho, na asilimia 76 ya mchanganyiko inaweza kuwa ya jamii moja inayokufa yote na nyingine isiyokufa kabisa. Kwa walio Muheza, kituo cha Amani cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kipo hapohapo wilayani. Anza mazungumzo nao kabla ya kuchota, usisubiri uwe na vichupa mia mbili mkononi.

Osha mirija kwa sabuni, suuza vizuri, anika kivulini, na mwekundu usigeuzwe kamwe kuwa wa kijani. Karatasi zirudi kwenye foili yake na kwenye friji, nyuzijoto 4, na pembeni ya kila moja uweke mkwaju wa penseli kila inapotumika. Mikwaju ikifika sita karatasi hiyo imemaliza kazi. Ya saba itakupa mbu wengi wazima, na utapeleka wilayani usugu uliotoka kwenye karatasi.